Wavu, Waya na Uzio: Historia Fupi ya Mchezo wa Kukamata Viumbe



Ukurasa huu umezoea kujadili ardhi, katiba na kodi, na huenda wapo watakaoshangaa kuukuta leo ukijadili mchezo wa watoto. Nawaomba subira. Historia ya jamii haisomwi katika hotuba za wakuu peke yake. Husomwa pia katika vitu vya kuchezea, kwa kuwa ndani ya vitu hivyo watu wazima huweka, mara nyingi bila kukusudia, kumbukumbu ya kile walichokipoteza.

Mchezo wenyewe ni Pokémon, uliotolewa Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya kifaa kidogo cha mkononi kiitwacho Game Boy. Ni mchezo mwepesi, unaofaa familia nzima, usio na damu wala matusi. Mtoto anazunguka nchi akikamata viumbe wa ajabu, anawalea, anawashindanisha na wale wa wenzake, kisha anaendelea na safari. Tangu hapo jina hilo limeingia katika katuni, filamu, kadi, nguo na simu, na leo huhesabiwa miongoni mwa majina ya burudani yaliyoingiza fedha nyingi kuliko yote duniani.

Hoja yangu ni hii. Mchezo huu ulizaliwa kwa sababu uwanja wa watoto ulichukuliwa. Ukawarudishia watoto sehemu ya walichonyang'anywa, tena kwa ustadi na kwa upendo, lakini kwa bei. Na kadiri miaka ilivyokwenda, uzio ule ule uliozungushiwa mashamba na mabwawa ukaja kuzungushiwa mchezo wenyewe. Nitaieleza hoja hiyo kwa kufuata mpangilio wa matukio, na njiani nitatoa maoni yangu kuhusu ubora wa mchezo, maana nimeucheza na nimeupenda.

Mabwawa ya Machida

Satoshi Tajiri, mwasisi wa mchezo huu, alizaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, mji ulio pembezoni mwa jiji la Tokyo. Katika utoto wake Machida ilikuwa bado na mashamba ya mpunga, vijito, mabwawa na vichaka. Kijana huyo alipenda wadudu kupita kiasi. Aliwatafuta, akawakamata, akachunguza tabia zao, hata wenzake wakampa jina la utani la Daktari wa Wadudu.

Tusidhani kwamba alikuwa mtoto wa ajabu. Nchini Japani, kukamata wadudu wakati wa likizo ya kiangazi ni desturi ya watoto wengi: wavu mkononi, kikapu kidogo begani, na safari ya alfajiri kumtafuta mbawakawa mwenye pembe kwenye gome la mti. Msomaji aliyekulia kwetu hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Aliyewahi kumfunga mbawakawa uzi mguuni, au kungoja kumbikumbi chini ya taa baada ya mvua ya kwanza, anajua kwamba mtoto hujifunza mengi pale: wakati, subira, mahali, na kugawana na mwenzake.

Kisha maendeleo yakaja. Baada ya vita, watu walimiminika Tokyo kufuata kazi za viwandani na maofisini, na serikali ikalazimika kuwatafutia makazi. Mwaka 1965, mwaka ule ule aliozaliwa Tajiri, uliidhinishwa mpango wa mji mpya wa Tama, mmoja wa miradi mikubwa kabisa ya makazi katika historia ya Japani, uliochukua vilima vya magharibi mwa Tokyo, sehemu ya Machida ikiwamo. Wakazi wa kwanza waliingia mwaka 1971. Vilima vilisawazishwa, mabonde yakafukiwa, reli na barabara vikafika. Mwaka 1994 Isao Takahata, mwongozaji wa filamu za katuni, alitoa filamu ya Pom Poko, inayosimulia jinsi wanyama wa vilima hivyo walivyopambana kuuzuia ujenzi huo na wakashindwa. Ni dalili kwamba hata kizazi kimoja baadaye, Wajapani walikuwa hawajaimaliza huzuni ile.

Tajiri mwenyewe amesimulia katika mahojiano kwamba wadudu waliondoka mwaka hadi mwaka kadiri ujenzi ulivyoendelea, na kwamba mahali palipokuwa na bwawa la kuvulia samaki palijengwa ukumbi wa michezo ya mashine.

Sisemi kwamba nyumba zile zisingejengwa. Familia zilihitaji paa, na mpangaji wa mji anayetakiwa kuwapatia watu makazi hana anasa ya kulilia kila kichaka. Ninachosema ni kwamba katika hesabu za mradi, bwawa lile halikuwa na safu yake. Ardhi ilihesabiwa, vyumba vikahesabiwa, abiria wa treni wakahesabiwa. Uwanja wa watoto haukuhesabiwa kwa sababu haukuwa na hati, na watumiaji wake hawakuwa na kura.

Kutoka ukumbini hadi kwenye waya

Bwawa lilipokuwa ukumbi, mtoto wa bwawani akawa mtoto wa ukumbini. Mchezo wa Space Invaders ulipotoka mwaka 1978 ulivuta vijana wa Japani kwa maelfu, na Tajiri alikuwa mmoja wao. Mwaka 1983 alianzisha kijarida alichokiandika kwa mkono na kukibana kwa pini, kinachofundisha mbinu za kushinda michezo ile. Alikiita Game Freak. Mchoraji Ken Sugimori akajiunga naye. Mwaka 1989 kijarida kikawa kampuni, nayo ikatoa mchezo wake wa kwanza, Quinty.

Mwaka huo huo kampuni ya Nintendo ilitoa Game Boy. Nintendo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata, kwa hiyo biashara ya kuuza muda wa burudani haikuwa ngeni kwake. Aliyesimamia utengenezaji wa Game Boy, Gunpei Yokoi, aliamini katika kutumia teknolojia iliyozeeka, iliyo rahisi na iliyokwisha kuzoeleka, kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria. Ndiyo maana kifaa kile hakikuwa na rangi. Skrini yake ilikuwa ndogo na yenye ukijani, lakini betri nne zilidumu kwa saa nyingi, na mtoto aliweza kukitia begini. Wahandisi wetu wanaodharau kifaa cha bei nafuu wangefaidika kumsoma Yokoi.

Game Boy ilikuwa na jambo la ziada: tundu la kuchomekea waya wa kuunganisha vifaa viwili. Watengenezaji wengi waliutumia waya huo kwa mashindano, wachezaji wawili wakipambana. Tajiri aliutazama akaona jambo jingine. Aliwaza wadudu wakitambaa ndani ya waya, kutoka kifaa cha mtoto mmoja kwenda cha mwenzake.

Kazi ilichukua takriban miaka sita. Jina la kwanza lilimaanisha viumbe wa kwenye vidonge, kwa mfano wa vile vidude vinavyouzwa kwenye mashine za sarafu ndani ya viganda vya plastiki. Jina hilo likaachwa kwa sababu ya masuala ya alama ya biashara, likaja la viumbe wa mfukoni. Kampuni ilikaribia kufilisika. Baadhi ya wafanyakazi waliondoka, na Tajiri mwenyewe aliishi bila mshahara akimtegemea baba yake. Mchezo ulipotoka, wengi walikuwa wameshaiona Game Boy kuwa kifaa kinachoelekea kaburini.

Mchezo wenyewe

Sasa niseme kama mhakiki. Mchezo unaanzia katika kijiji kidogo. Profesa mmoja mzee anakupa kiumbe wako wa kwanza, ukichagua mmoja kati ya watatu: wa majani, wa moto au wa maji. Kanuni inaeleweka hata kwa mtoto wa miaka sita: maji huzima moto, moto huunguza majani, majani hunywa maji. Juu ya msingi huo mwepesi kumejengwa mfumo wa aina 15 za viumbe na mashambulizi yao, wenye kina cha kumtosha mtu mzima.

Viumbe wa porini hujificha kwenye nyasi ndefu. Unapita, na ghafla mmoja anatokea. Ukimshambulia kupita kiasi anazimia na fursa inapotea. Usipomdhoofisha kabisa anaikwepa mitego yako. Kiasi ndiyo siri ya mchezo. Hakuna kiumbe anayekufa vitani. Hao waliozimia hupelekwa kituo cha tiba, wakatibiwa bila malipo, jambo ambalo kwa msomaji wetu anayezijua foleni na risiti za hospitali lina ladha yake.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wepesi huo ni utupu. Nchi ya mchezo huu inaitwa Kanto, na Kanto ni eneo halisi la Japani, lile lenye Tokyo na Machida. Lakini Kanto ya mchezoni ni nchi ya miji midogo iliyotenganishwa na njia za nyasi, mapango na mwambao, ambamo mtoto anatembea peke yake na kila mtu mzima anamjibu akimsalimu. Njiani atakutana na watoto wenye nyavu za kukamatia wadudu, walio tayari kushindana naye. Hiyo ni Machida kabla ya matingatinga, imechorwa na mtu aliyeikumbuka.

Na adui ni nani? Ni genge la wahalifu linaloiba viumbe na kuwageuza fedha. Upo mji mmoja wenye mnara wa makaburi ambamo watu huzika viumbe wao wapendwa, na humo hutangatanga roho ya mama aliyeuawa na genge hilo akijaribu kutoroka, huku mwanawe akiachwa yatima. Katika mchezo ambao kila mtu anauita wa kitoto, kifo pekee kinachoelezwa kwa kirefu kimesababishwa na tamaa ya fedha. Nadhani hilo halikuwekwa kwa bahati mbaya.

Kasoro zipo. Mapango ya katikati yanachosha kwa viumbe wale wale kutokea kila hatua mbili. Viumbe wa aina ya nguvu za akili hawana mpinzani wa kweli, na mizani inapotea. Programu ina mianya mingi ambayo watoto waliigundua na kuitumia. Lakini kwa kazi iliyofanywa na kikundi kidogo, juu ya kifaa dhaifu, nauona kuwa miongoni mwa michezo iliyobuniwa vizuri kuliko yote ya karne iliyopita.

Mchezo usiokamilika peke yako

Jambo ninalolithamini kuliko yote ni hili: mtoto hawezi kuumaliza mchezo huu peke yake. Kwa ushauri wa Shigeru Miyamoto, mbunifu mashuhuri wa Nintendo, mchezo ulitolewa kwa matoleo mawili, Jekundu na la Kijani. Kila toleo lilikosa baadhi ya viumbe waliokuwa katika lingine. Zaidi ya hayo, wapo viumbe wanne ambao hawafikii umbo lao la mwisho mpaka wabadilishwe na mtu mwingine. Na kiumbe uliyepewa na mwenzako hukua haraka kuliko uliyemkamata mwenyewe, ila hatakutii mpaka uwe umeonyesha ustahiki wako.

Zingatia wakati. Bei za hisa za Tokyo zilifikia kilele mwishoni mwa 1989, kisha zikaporomoka, na Japani ikaingia muongo wa mashaka. Watoto walikuwa wakitoka shuleni kwenda katika madarasa ya ziada, kisha nyumbani ghorofani. Katika mazingira hayo, mtu mmoja alitengeneza kifaa kinachomlazimisha mtoto amtafute mtoto mwenzake, wakae bega kwa bega kwa urefu wa waya mfupi, wapatane: nipe huyu nikupe yule. Kutoa, kupokea, kukadiria thamani, kuaminiana. Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa, na mchezo huu uliifanya methali hiyo kuwa kanuni ya programu.

Hapa mkosoaji makini atauliza: je, hiyo si hila ya kuuza kaseti mbili badala ya moja? Ni kweli pia. Matoleo mawili yaliuzwa, na yapo majumbani yaliyonunua yote mawili. Udugu na biashara vilizaliwa pamoja katika uamuzi ule mmoja, na kazi ya mwanahistoria si kuchagua upande unaompendeza. Kazi yake ni kuangalia upande upi ulikua zaidi.

Hofu iliyotazama pasipo

Biashara ndiyo iliyokua. Katika programu, mmoja wa watengenezaji alikuwa ameingiza kwa siri kiumbe wa 151, aitwaye Mew. Jarida moja la watoto likatangaza bahati nasibu ya kumtoa kwa wasomaji 20 tu, na maombi yakaja kwa makumi ya maelfu. Mauzo yakapanda. Kadi zikafuata Oktoba 1996, katuni ya televisheni Aprili 1997, na mwaka 1998 mchezo ukaingia Marekani.

Pamoja na mafanikio zikaja hofu. Tarehe 16 Desemba 1997 sehemu moja ya katuni hiyo, yenye mwanga uliomweka haraka kwa nyekundu na buluu, iliwafanya watoto takriban 685 wa Japani wapelekwe hospitalini. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na kanuni za utangazaji zikarekebishwa. Nyingine zilikuwa za kufikirika zaidi. Mwaka 2001 mamlaka za kidini za Saudi Arabia zilitoa fatwa ya kuupiga marufuku mchezo huu na kadi zake, kwa hoja za kamari na alama zilizodaiwa kufichwa ndani yake. Kwingineko wazazi walisikia habari za mashetani.

Swali zito zaidi liliulizwa kwa utulivu na wanasayansi wa Cambridge. Andrew Balmford na wenzake walichapisha katika jarida la Science, mwaka 2002, matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto 109 wa shule za msingi nchini Uingereza. Waliwaonyesha picha za mimea na wanyama wa kawaida wa nchi yao, na picha za viumbe wa Pokémon, wakawataka wawataje. Watoto wa miaka minane waliwatambua viumbe wa mchezoni kwa takriban asilimia 78, na wa kweli kwa takriban asilimia 53. Watafiti hawakumlaumu mtoto. Walisema, kwa maana, kwamba watoto wana uwezo mkubwa sana wa kujifunza majina ya viumbe, na kwamba watunzi wa mchezo walifanikiwa kuwavutia kuliko wahifadhi wa mazingira.

Hapo ndipo kejeli ya historia inapouma. Mchezo ulitungwa na mtu aliyewapenda wadudu, ili watoto wa zege waonje furaha ya kuwatafuta. Ndani ya miaka sita tu, ukawa kipimo cha jinsi watoto walivyomsahau mdudu mwenyewe. Kosa si la mchezo. Kiumbe wa mchezoni alikuwa na televisheni, kadi na duka la kumtangaza, ilhali mti wa nje ya dirisha haukuwa na wakala.

Uwanja unarudi, ukiwa na mwenyewe

Julai 2016 ulitolewa Pokémon Go, uliotengenezwa na kampuni ya Marekani iitwayo Niantic, ambayo hapo awali ilikuwa sehemu ya Google. Safari hii viumbe walitokea kwenye simu kulingana na mahali ulipo, na ili uwakamate ulipaswa kutembea. Nchi nyingi za Afrika zilifunguliwa rasmi baadaye mwaka huo. Kwa muda ilionekana kama ndoto ya Machida imetimia: watoto na wazazi wao wakarudi bustanini na barabarani, wakipita chini ya miti.

Lakini tazama walirudi katika uwanja wa namna gani. Vituo vya mchezo viliwekwa juu ya maeneo halisi ya watu bila kuwauliza. Jumba la makumbusho ya mauaji ya Wayahudi mjini Washington na lile la Auschwitz yaliwaomba wageni wasicheze humo. Hiroshima iliomba bustani yake ya kumbukumbu ya bomu iondolewe katika ramani. Nchini Japani, migahawa ya McDonald's ilifanywa vituo vya mashindano kwa mkataba wa udhamini: kampuni inalipa, kiumbe anatokea mlangoni kwake, mtoto anafika na njaa. Nchini Marekani ilibainika kwamba mitaa ya watu weusi ilikuwa na vituo vichache kuliko ya weupe, kwa kuwa orodha ya maeneo ilitokana na mapendekezo ya wachezaji wa mchezo uliotangulia wa kampuni hiyo.

Baadaye wachezaji wakaombwa, kwa zawadi ndogo za mchezoni, kupiga picha za video za sanamu, majengo na viwanja kwa kuvizunguka. Novemba 2024 Niantic ilieleza kwamba inajenga mfumo mkubwa wa akili bandia unaoielewa sura ya dunia, ukitumia picha zilizopigwa na watumiaji wa bidhaa zake. Kushiriki kulikuwa hiari, na masharti yaliandikwa. Hata hivyo, ni wangapi waliojua kwamba mchezo wao ulikuwa pia kazi ya upimaji? Mpima ramani wa kikoloni alilipa wapagazi, japo kidogo. Huyu wa leo analipa kwa kiumbe wa mchezoni.

Mwaka 2025 Niantic iliiuza biashara yake ya michezo, Pokémon Go ikiwamo, kwa kampuni ya Scopely kwa dola bilioni 3.5. Scopely inamilikiwa na Savvy Games Group, nayo ni mali ya Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia. Haki za viumbe wenyewe zimebaki Japani, lakini biashara ya kuuendesha mchezo imekwenda katika nchi ile ile ambayo fatwa ya 2001 iliwanyang'anya watoto kadi zao. Silileti hili kwa kuicheka nchi hiyo. Nalileta ili tuone kwamba serikali zinazoanza kwa kuogopa mchezo huishia kutambua kwamba mchezo ni rasilimali.

Uzio wa mwisho ni wa kisheria. Septemba 2024 Nintendo na The Pokémon Company waliishtaki mahakamani Tokyo kampuni ndogo ya Pocketpair, iliyotengeneza mchezo wa Palworld wenye viumbe wanaofanana na wao. Hawakushtaki kwa hakimiliki ya michoro. Walishtaki kwa hataza, na miongoni mwake imo inayohusu namna ya kulenga na kurusha kitu mchezoni ili kumkamata kiumbe. Wana haki ya kulinda jasho lao, na mahakama itaamua kwa sheria. Lakini mwanahistoria hawezi kupita bila kusimama hapa. Mtoto wa Machida alirusha wavu wake bila kibali cha mtu. Leo kurusha huko, kukishaandikwa kwa lugha ya kompyuta, kunaweza kuwa na mwenyewe.

Sisi na uwanja wetu

Kwa nini niwachoshe kwa habari za Japani wasomaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Kigoma? Kwa sababu mnaosoma ukurasa huu ndio mnaoketi, au mtakaoketi, katika vikao vinavyoamua mambo haya.

Kwa mtumishi wa mipango miji: maeneo ya wazi yanayovamiwa kila mwaka katika miji yetu hayapotei kwa kukosa sheria tu. Yanapotea kwa sababu ukurasa wa hesabu unayaandika kuwa ardhi isiyotumika, wakati jioni yana watoto mia moja. Kabla ya kubadilisha matumizi ya kiwanja, mtume mtu akawahesabu saa kumi na moja jioni, na idadi hiyo iingie katika faili kama zinavyoingia fremu za maduka.

Kwa mtumishi wa mawasiliano na sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Swali la kuwauliza wenye michezo ya simu si kama ina picha za aibu pekee. Waulizwe mtoto anakusanyiwa nini anapocheza, kinakwenda wapi, na nani atakimiliki kampuni ikiuzwa.

Kwa wanaharakati: msianze na marufuku. Marufuku ya 2001 haikumwokoa mtoto yeyote na chochote, na mchezo wenyewe haustahili uadui huo. Pigania uwanja kwanza. Mtoto mwenye bwawa na mwenye Game Boy ana vitu viwili. Asiye na bwawa ana kimoja, na hicho kimoja kina bei.

Na kwa wanafunzi wangu wanaojifunza kutengeneza programu: chukueni kwa Tajiri kile kilicho bora. Hakuanza kwa kuuliza soko linataka nini. Alianza na jambo alilolijua kwa mikono yake, akatumia kifaa duni alichokuwa nacho, akauona waya ambao wengine waliufanya wa ugomvi kuwa njia ya kupeana. Kwenu kuna kumbikumbi, kuna bao, kuna kombolela, kuna visa vya sungura ambavyo havina hataza ya mtu. Swali ambalo yeye hakuweza kulijibu kwa niaba yenu ni nani atakayeimiliki kazi hiyo ikishafanikiwa. Lijibuni mapema, kwa maandishi, kabla mwekezaji wa kwanza hajabisha hodi.